Gundi ya Kiota cha Ghilas

Béjaïa, 4 Machi

Mdogo wangu Ghilas,

Hujambo huko jangwani? Miguu inaendeleaje na hayo mabuti ya jeshi? Sisi tu wazima. Mvua haijaacha kunyesha, na Nna Ouardia wa jirani anakusalimu, anasema ukirudi atakulisha kuskusi mpaka uombe msamaha.

Sisimizi wako ulioniachia kwenye kisanduku cha kioo wamepata balaa. Nilikuwa nafagia, kiota kikaanguka kutoka rafuni, kioo cha mbele kikapasuka. Nimekuchorea ufa nyuma ya karatasi hii. Wakaanza kutoka, na Arezki hataki kuona hata mmoja nyumbani kwake, shemeji yako unamjua. Nikakimbilia kwa Dda Mezyan, mume wa Nna Ouardia, akanipa gundi yake ya viatu. Nikapaka. Asubuhi nikakuta mamia wamekufa, wamejikunja kama mbegu za bizari. Malkia yu hai, anatembea juu ya maiti. Nililia, usinicheke.

Nitumie gundi gani? Kambini hamruhusiwi simu, na hapa hakuna anayejua mambo haya.

Dada yako,
Tassadit

Tamanrasset, 19 Machi

Dada Tassadit,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila nimeungua pua hadi wenzangu wananiita Nyanya.

Sikucheki. Gundi ya viatu inaua kwa mvuke wake. Sisimizi wanavuta hewa kwa vitundu vya ubavuni, hawana pa kujificha ndani ya kisanduku. Supagluu nayo usiitumie humo, mvuke wake mkali na kioo kinabaki na ukungu mweupe. Tafuta silikoni ya matangi ya samaki, ile isiyo na rangi, yenye harufu ya siki. Soma maandishi ya tyubu. Ikiandikwa ya bafuni, au ya kuzuia kuvu, iache dukani, imetiwa sumu.

Kioo chako hakizibiki. Kakatiwe kipya kwa fundi. Kwanza wahamishe: unganisha kiota na mrija wa kioo wenye maji na pamba, ufunike mrija kwa kitambaa cheusi, kiota kiache kwenye mwanga. Watahama wenyewe, malkia wakimsukuma. Ukishabandika, subiri wiki nzima, hata zaidi, mpaka ukiingiza pua usisikie siki kabisa. Hapo ndipo uwarudishe.

Kuna jambo jingine, dada. Kisanduku kikianguka, kioo hupasuka kuanzia pembeni. Wewe umenichorea nyota katikati, mistari ikitawanyika pande zote. Hicho kimepigwa. Nani alikipiga?

Mdogo wako,
Ghilas

Béjaïa, 2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Najua umesubiri. Naandika kwa mkono wa kushoto, vumilia mwandiko.

Arezki ndiye aliyekipiga. Jioni ile nilikuwa nawawekea mbegu, akasema, "Unawalisha wadudu wa ndugu yako kabla yangu?" Akachukua mchi wa shaba wa kutwangia kahawa, akapiga mara moja. Kisha akaketi, akala.

Barua yako aliikuta chini ya godoro. Akaisoma kwa sauti, akiigiza sauti yako. Alipofika "Nani alikipiga?" akacheka.

"Mdogo wako siku hizi polisi?"

"Ni kioo tu, Arezki."

"Kama ni kioo tu, umemchorea ya nini?"

Akasema, "Haya, mchoree na hii." Mchi ulitua chini ya kiwiko, mara mbili. Mara ya pili niliusikia mfupa kabla ya kusikia maumivu. Akanikokota kwa nywele hadi mlangoni, akanifungia nje kwenye mvua. Dda Mezyan ndiye aliyenipeleka hospitali. Wamenifunga hogo la plasta. Daktari akauliza, nikasema nimeteleza kwenye ngazi. Aliniangalia tu.

Hii si mara ya kwanza, Ghilas. Ni mara ya kwanza mfupa kuvunjika.

Sisimizi wamo kwenye mrija, kwa Nna Ouardia, ndani ya kabati lake la mashuka.

Nakujua. Usije. Niachie mimi.

Dada yako,
Tassadit

Tamanrasset, 17 Mei

Dada,

Sina salamu leo. Nimeisoma barua yako mara nyingi mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Miaka mitano nimekula mezani kwa mtu huyo. Nimemwita kaka. Jana kwenye shabaha niliiona sura yake, nikapiga risasi zote kumi katikati, sajenti akanisifu.

Likizo yangu inaanza mwezi wa sita. Nakuja. Hunizuii. Siku hiyo wewe kaa kwa Nna Ouardia, ufunge madirisha.

Ghilas

Béjaïa, 20 Juni

Mdogo wangu,

Wanasema barua zinawafikia mahabusu kwa wakili, kwa hiyo nampa yeye. Unakula? Unalala?

Sasa nisikilize. Nilikuandikia usije kwa sababu nilikuwa naondoka. Nilisharudi kwa yule daktari, nikamwambia ukweli, akaniandikia cheti. Nna Ouardia alishanitengea chumba. Nilipanga kuhama Alhamisi, Arezki akiwa kazini. Wewe ukaja Jumatano.

Nilikuwa kwa Nna Ouardia, lakini sikufunga madirisha. Nilikuona ukiuokota ule mchi uani, ukavuka ua nao mkononi. Niliona alivyofungua mlango akitabasamu, na niliona meno yakitoka. Sitakudanganya, pigo la kwanza nilifurahi. La pili pia. Kisha akaanguka, na wewe ukaendelea. Dda Mezyan alikuwa anakuita jina lako, hukugeuka. Arezki alisema, "Basi, Ghilas, basi." Mimi nilisikia nikiwa upande wa pili wa ua. Wewe ulisikia?

Nilipokuja mbio nikakushika shati, ulinisukuma bila kutazama. Nikaangukia ngazi, hogo likapasuka, mfupa ukavunjika tena palepale. Safari hii daktari nilimwambia ngazi, na ilikuwa kweli, ila nilinyamaza kuhusu aliyenisukuma.

Arezki yu hai. Taya limefungwa waya, jicho la kushoto limekwisha. Talaka nimeomba, naye hajakataa, hawezi kusema.

Kiota nimekitengeneza, Nna Ouardia akishika, mimi nikipaka kwa mkono mmoja. Silikoni ile uliyosema. Nilisubiri siku kumi na mbili. Sisimizi wamebaki kama sitini.

Tarehe tisa Julai naitwa mbele ya hakimu. Wakili wako anataka niseme Arezki alikuwa ananipiga siku ile, na wewe uliniokoa. Ungepata miaka michache. Sijui la kusema. Nimesema uongo kwa ajili ya mwanamume mmoja miaka mitano. Niandikie.

Dada yako,
Tassadit

Béjaïa, mahabusu, 1 Julai

Dada Tassadit,

Nakusalimu kwa upendo, na mkono wako nauombea upone. Hapa nakula, nalala kidogo.

Usiseme uongo kwa ajili yangu. Mwambie hakimu yote, pigo kwa pigo, na la mkono wako pia. Wakili nitaongea naye mwenyewe.

Umeniuliza kama nilisikia aliposema basi.

Nilisikia.

Mdogo wako,
Ghilas