Kiroba cha Maji Moto

Nanganga,
14 Mei 2023

Kwa Bibi yangu,

Shikamoo Bibi. Mgongo umepoa? Huku kwa wakwe tunaamka salama, mimi na Yoeli, na mtoto ameota jino la pili.

Bibi, sina raha. Ile mikorosho arobaini aliyonikabidhi mama mkwe, Mama Yoeli, niitunze, machipukizi yamekuwa meusi tena kama yamepitiwa na moto. Ni mbu wa mikorosho, wanafyonza kila chipukizi changa linalotoka. Nimepiga dawa mara mbili, wanarudi. Mama Yoeli anasema mkono wangu hauna baraka, na msimu huu ukiharibika atanipokonya miti ampe shemeji.

Najua wewe unafuga wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, maji moto, na miti yako inazaa. Lakini unajua navyowaogopa tangu utoto. Hakuna njia nyingine?

Mjukuu wako,
Anjelina


Newala,
19 Mei 2023

Anjelina,

Marahaba. Mgongo upo, unauma, haujaniua. Huku ukungu umeanza, nguo hazikauki. Mbusu mtoto, na hilo jino mpakeni asali.

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Nilisoma kisomo cha watu wazima tu, lakini kinatosha kusoma upumbavu wa mjukuu.

Njia nyingine hakuna. Wewe ndiye uliyekuwa ukiona buibui mmoja kwenye majani ya maboga unaita kijiji kizima. Buibui anakula nzi, wewe unakula ugali, mnagombea nini? Siku ulipofagia nyumba zao zote kwenye kunde nilikuchapa. Ukaja kuona mwenyewe: kunde zililiwa, tukashindia kisamvu mwezi mzima. Umesahau mapema hivyo?

Sasa sikiliza. Dereva wa Hiace anakuletea kiroba. Ndani mna viota sita vya maji moto, vyote vya mti mmoja, ule wa nyuma ya choo, na mama yao, yule anayetaga, yumo. Nimekata alfajiri wakiwa wamezizima kwa baridi. Usifungue nyumbani kwa watu! Kitundike kwenye mkorosho wa katikati, fungua mdomo wake, kimbia. Halafu funga kamba mti hadi mti wapite juu, maana chini kuna sisimizi weusi watawamaliza. Unga wa salfa wa kuzuia ubwiri, ule ukungu wa maua, piga, huo hauna ugomvi nao. Dawa ya maji ya kuua wadudu ni marufuku.

Wakikung'ata, nyamaza. Wako kazini.

Bibi yako,
Scholastika


Nanganga,
11 Juni 2023

Shikamoo Bibi,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa juani, siyo umelala. Sisi wazima, ila mimi uso umevimba.

Kiroba kilifika. Dereva amesema mzigo wako hapakii tena, maana mmoja alipenya akamwuma kondakta shingoni, akateremsha abiria kabla ya kituo.

Bibi, nimeharibu. Niliona viota sita ni vichache kwa miti arobaini. Jirani yetu Bwanali ana mwembe umejaa maji moto, nikamwomba vitano, nikavitundika mti uleule na vyako ili wawe wengi. Asubuhi nimekuta vita. Wanavutana miguu, wanakatana viuno, chini kumekuwa kwekundu kwa maiti. Mama Yoeli akapita akacheka mpaka akashika mbavu: "Ndiyo dawa ya bibi yako wa maji moto hiyo?" Sasa mtaa mzima wanakuita hivyo, Bibi wa Maji Moto.

Nisamehe. Nifanyeje?

Mjukuu wako,
Anjelina


Newala,
15 Juni 2023

Wewe Anjelina,

Marahaba, na salamu zimeishia hapo.

Nani alikutuma uongeze? Nilisema kiroba kimoja, mti mmoja. Maji moto wana koo kama watu, na ukoo mmoja hauli na mwingine. Umewalaza wa Bwanali na wa kwangu kitanda kimoja, hawajuani hata kwa jina, ukategemea wacheze ngoma? Na wewe ni mwalimu wa shule! Watoto wa watu unawafundisha nini?

Futa machozi. Vya Bwanali vitoe leo hii, vipeleke mwisho wa shamba. Katikati ya koo hizo mbili uache mstari wa miti mitupu, isiyo na kamba, uwe mpaka. Hawa wangu, kama mama yao yu hai, watainuka. Wape vichwa vya dagaa na maji ya sukari siku saba, kama unavyomlisha mgonjwa. Halafu wakague. Ukiona wameanza kushona jani bichi, mama yao yumo.

Huyo mama mkwe wako mwambie jina nimelipokea.

Bibi yako


Nanganga,
27 Agosti 2023

Shikamoo Bibi,

Habari za huko juu? Hapa mtoto anatambaa, Yoeli anakusalimu, na mimi nina jambo.

Walishona jani. Siku ya tisa. Nilipiga vigelegele peke yangu shambani. Sasa wamepita kamba zote, wamefika mti wa ishirini na sita upande wao, na wa Bwanali wanashika kwao. Maua ni meupe, hayana doa.

Ila Jumatano Mama Yoeli alikuja na Bwanali, Bwanali kabeba bomba la dawa mgongoni. Kumbe wavunaji wa mwaka jana wamesema hawaingii kwenye shamba la wadudu.

"Toka hapo, mama, tunapiga," akaniambia.

"Mama, naomba mpaka korosho zianguke. Zisipoanguka chukua miti, sitafungua mdomo."

"Na wavunaji?"

"Nitaokota mwenyewe."

"Toka, Anjelina."

Nikaegemea shina la mti wa katikati. Bibi, walinipanda. Walifika shingoni, masikioni, ndani ya kitenge. Waliniuma kote. Nilifunga macho, sikulia. Bwanali akaniangalia, akatua bomba chini. "Mama Yoeli," akasema, "mimi kazi yangu kupigia mikorosho dawa. Mtu simpigii."

Mama Yoeli akasema basi, mpaka zianguke. Lakini alisema kwa hasira, na korosho bado ni vidole tu vya kijani. Naogopa.

Mjukuu wako,
Anjelina


Newala,
29 Oktoba 2023

Anjelina,

Kama u mzima, jibu. Kama u mgonjwa, mwambie Yoeli ajibu.

Miezi miwili huandiki. Nimewauliza madereva wote, kila mmoja anatazama pembeni. Kama miti imekufa, sema imekufa. Mimi nimezika mume na watoto wawili, mkorosho hautaniangusha. Kinachonila ni ukimya.

Tena ile siku uliyoegemea mti. Barua yako nimewasomea wanawake wa jumuiya, mara mbili.

Bibi yako


Nanganga,
12 Novemba 2023

Shikamoo Bibi yangu,

Uwe na nguvu, uwe na afya, ukae chini kabla ya kusoma.

Sikuandika kwa sababu mikono haikuwa na nafasi. Zimeanguka, Bibi! Naokota toka jua linapochomoza mpaka kengele ya shule, na jioni tena, kesho yake chini kumejaa tena kama sikupita. Magunia yamejaa barazani mpaka mlango haufunguki vizuri. Ghalani wamekata korosho zetu, wakatazama ndani, wakaandika daraja la kwanza, magunia yote tuliyopeleka. Wavunaji walewale wamekuja wenyewe kuomba kazi, wamejipaka majivu miguuni wasipandwe.

Na buibui wa jikoni nimemwacha. Yupo juu ya mtungi, ananenepa.

Barua hii anakuletea Mama Yoeli kwa mkono wake. Ana mikorosho yake Lukuledi, imekuwa myeusi. Hajui nilichoandika. Bibi, nakuomba, mpokee vizuri.

Mjukuu wako,
Anjelina


Newala,
16 Novemba 2023

Mjukuu wangu Anjelina,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Mgeni nimempokea. Nimempa kiti, togwa na kuku. Nikamwacha ale mpaka akamaliza, ndipo nikamwuliza, "Mkwe mwenzangu, umepotea njia?" Akasema, "Nimekuja kuomba." Nikamwambia sisikii vizuri. Akarudia kwa sauti.

Nikamwambia maji moto hatumwi mtu kuwakata, anayewataka anakata mwenyewe. Alfajiri, ukungu umetanda, akavua viatu, akapanda kigoda chini ya mkorosho. Wamemng'ata kweli, mkononi, shavuni. Hajalia. Nimeanza kumpenda.

Akiwa juu akasema ile miti arobaini ni yako, hakuna wa kuigusa. Nikamwambia, "Hapa wanaokusikia ni mimi na mbuzi. Ukafike uyaseme mbele ya Yoeli na shemeji." Ameapa. Barua hii anakuletea yeye mwenyewe; akishuka kwenye gari, mkalishe barazani kwenye magunia hayo, asiondoke mpaka ayaseme.

Kiroba amepakata mwenyewe, maana yule dereva aligoma. Umfundishe kufunga kamba. Na ukimwona anaongeza viota vya jirani, mchape kwa niaba yangu.

Nimekaa, na kicheko hakijaniisha.

Bibi yako,
Scholastika wa Maji Moto