Posa ya Raudha na Joto la Mars

Dada Raudha,

Shikamoo. Sie huku Tabata wazima, goti la mama limepata nafuu. Barua hii nampa jirani yetu Mauwa, anakuja huko Mbeya na atarudi kabla ya Ijumaa. Simu yangu kaichukua baba mdogo Talha.

Ishu ni hii. Jana wameleta posa yako, watu wa Twalib wa duka la vyuma. Baba mdogo akawachekesha: "Binti anataka kwenda kusomea umeme wa Mars! Huko baridi tupu na kuni hakuna. Ubwabwa ataivisha na nini?"

Wakacheka mpaka juisi ikamwagika.

Unajua navyoogopaga watu. Lakini nikasema, "Dada alinionyesha jikoni. Mkaa ukifunikwa na majivu, juu unaona umepoa, chini moto upo. Mars nayo huenda iko hivyo. Wakichimba wakalipata joto, watapata umeme, watu watakaa."

"Haya profesa, umemaliza?" baba mdogo akauliza. "Ijumaa napokea mahari, ndoa inafungwa. Mambo ya kuchimba yaishie hukohuko."

Nikamwambia, "Baba alishafariki. Walii wake ni mie, ndugu yake wa kiume, na mie sijamwozesha."

Akaninyanyulia mkono. Mama ndo kamshika.

Dada, Ijumaa wanarudi na shehe. Twalib si mtu mbaya, na mie moyo wako siujui. Mwambie Mauwa neno moja tu, unataka au hutaki. Ukisema hutaki, nitawaambia mbele ya shehe, hata kama nitafukuzwa hapa nyumbani.

Mdogo wako anayekusubiri,
Kondo