Mara ya Tatu

Ijumaa, 18 Septemba 1998
Kazini saa mbili. Nimemwogesha Bi Ester, chai, vidonge. Akasema leo hakuna kufagia, nikae niandike. Jumapili jua likizama unaingia mwaka mpya wa Kiyahudi, na kila mwaka huorodhesha aliowakosea na atakayotengeneza. Safari hii mkono wake unatetemeka. La kwanza: kuacha kumsema mke wa mwanawe. Miaka themanini na minne, bado anapanga mambo. Akauliza, na wewe je? Nikasema mimi sina. Mwongo mkubwa mimi.

Jumapili, 20 Septemba
Kanisani sikwenda, wiki ya nne. Ndiko yalikotokea. Agosti Neema alifeli mitihani, akaniambia mimi mama yake, mimi peke yangu. Nikamnong'oneza mchungaji. Mchungaji akamwombea kwa jina, maikrofoni mkononi, marafiki zake wote wamekaa pale. Siku ileile binti yangu akahamia Barking, upande wa pili wa jiji, kwa shangazi yake.
Flati imekuwa kubwa. Nakula nimesimama.

Jumatatu, 21 Septemba
Nimemsukuma Bi Ester na kiti chake hadi bwawani. Desturi yao: unatupa makombo ya mkate majini, dhambi zinakwenda nayo. Bata wakala yote. Bi Ester akasema hayo ni kwa makosa ya Mungu tu. Ukimkosea mtu, Mungu haingilii; umfuate mwenyewe. Akikataa, rudi. Hadi mara tatu, kabla ya siku ya toba, Jumatano ya wiki ijayo.
Nikamwambia kwetu mtoto ndiye humwomba radhi mzazi.
Jioni nikapiga simu Barking. Nikamwambia Neema nimemsamehe. Akakata.

Jumanne, 22 Septemba
Bi Ester ameicheka simu yangu ya jana hadi kikohozi kikamshika. Nimenuna kutwa nzima.

Jumamosi, 26 Septemba
Barking. Basi, treni, treni tena. Nimesimama mlangoni na chapati ndani ya foili. Nikamwambia nimekosa, ila mimi ni mama, nilitaka aombewe, na yeye naye angesoma yasingefika huko. Maneno yakatoka yenyewe. "Mum, please, just go." Chapati akazipokea shangazi yake.
Njia nzima nimejichukia.

Jumatatu, 28 Septemba
Bi Ester: ulikwenda kujitetea. Yeye jana kampigia mke wa mwanawe. Dakika tatu tu, asema, na zilimchosha kuliko ngazi. Hakucheka leo.

Jumanne, 29 Septemba
Nimepiga mchana, nikiwa bado kazini, Bi Ester kasinzia. Nilisimama wima kama mtoto wa shule.
"Neema, siri yako niliitoa mimi. Nimekosa. Nisamehe."
Basi. Nikauma ulimi. Akaweka simu taratibu.
Tatu zimekwisha. Naogopa.

Jumatano, 30 Septemba
Bi Ester amefunga tangu jana jioni. Nami nimefunga, hakuna aliyenituma. Siku ndefu. Tumekaa dirishani. Wakati wa kuondoka akanipa tofaa na kichupa cha asali, desturi yao ili mwaka mpya uwe mtamu.
Nimefika nyumbani, koti sijavua, simu ikalia.
"Mama, umekula?"
Kwa Kiswahili. Huyu anayenijibu Kiingereza tangu chekechea.
Nikasema bado. Akasema nile. Jumapili atakuja, ila kanisani haendi. Nikamwambia hata mimi siendi.
Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.
Nimekaa mezani. Nimekula nusu ya tofaa na asali. Nusu nimeifunika, ingawa najua hadi Jumapili itakuwa imeharibika.