Mstari wa Kumi na Nne

Dodoma, 9 Juni

Kaka Yotham,

Mimi mzima. Huku ni vumbi na baridi ya asubuhi. Kazini bado tunatengeneza ile programu inayolinganisha faili la zamani na jipya, na kuonyesha kwa rangi nyekundu kila mstari uliotolewa. Mwezi huu nimefuta mamia ya mistari ya ndani ya programu hiyo iliyokuwa inajirudia. Bosi kafurahi, maana kurahisisha kwetu kuna sharti moja: matokeo yabaki yaleyale.

Jana niliijaribu kwa muhtasari wa kikao cha ukoo tulichokaa baada ya kumzika baba: ule niliouchapa mimi, na huu ulionitumia ukisema umeurahisisha tu. Nyekundu ilikuwa moja, mstari wa kumi na nne: "Nyumba na shamba la zabibu la Chamwino ni vya mama mpaka Mungu amchukue."

Mama ananiambia ulikwenda kwake na mnunuzi. Akamkaribisha chai, akidhani ni rafiki yako.

Barua hii niliianza na shikamoo, kaka. Nikaitoa. Nimerahisisha tu.

Restuta