Giaboksi Ilipotuachia Kilimani Makindye

Jumamosi. Mvua imenyesha tangu asubuhi. Ninaandika kwa simu, kwenye benchi la hospitali, na mkono wangu wa kulia umevimba.

Gari letu ni saluni ndogo ya otomatiki. Mimi nilijifunzia manyuo, gari la gia za mkono, kwetu Kisumu, na ningechagua hiyo: klachi ikiisha unaweka nyingine, safari inaendelea. Lakini mume wangu, Baba Atim, ni mwanajeshi. Risasi ilimharibia goti la kushoto, na mguu huo hauwezi klachi.

Juzi giaboksi ilianza kuteleza. Fundi wetu wa Katwe, hapa Kampala, Ssalongo, baba wa mapacha, alisema wazi: "Nnyabo, mama, hii imekufa. Weka ya manyuo, haisumbui."

Baba Atim alikataa. Akaamuru oili ibadilishwe tu.

Leo tulikuwa tunapanda kilima cha Makindye, Baba Atim anaendesha, mtoto wetu Atim yuko nyuma. Injini ikanguruma bure, gari likarudi kinyumenyume mpaka ukutani. Kioo kikampasua mtoto paji la uso.

Kliniki walimshona. Baba yake hakungoja, alirukia boda kwenda kwa fundi. Mdogo wangu alipofika, nikamwachia mtoto, nikamfuata.

Nilimkuta Katwe anampiga Ssalongo kwa spana ya magurudumu. "Umetaka kuua mtoto yangu!" Ssalongo alikuwa chini, anatema meno.

Wachomeleaji wa gereji, wenzake Ssalongo, wakaja na vyuma. Pigo la kwanza likatua kwenye goti lile bovu la mume wangu. Nilisikia mfupa ukivunjika.

Nikiri hapa: nilitamani wampige tena.

Kisha nikamlalia kumkinga. Chuma kikanipata mkononi. Nikapiga kelele, "Fundi alituambia! Sisi ndio tuliokataa!"

Mikono ikasita. Ssalongo akasema kwa mdomo uliojaa damu, "Muache yeye. Twende hospitali."

Wakanipa gari la manyuo lililokuwa gereji. Niliendesha mwenyewe, wanaume wawili nyuma wakivuja damu, sikukosa gia hata moja.

Baba Atim alikuwa amezimia njiani; alipopata fahamu aliuliza, "Gari iko wapi?"

"Ukutani. Likitoka pale linawekwa manyuo, na dereva ni mimi."

Aligeuza uso.

Ssalongo yuko kitanda cha pili, taya limefungwa bendeji. Wamempigia mkewe simu. Mama wa mapacha yuko njiani, na mtu wa kwanza atakayemkuta mlangoni ni mimi.

Nitamwambia nini?