Aliyeonja Kwanza

Dada Zuhura, shikamoo. Kuna jambo nimekuficha tangu mdogo wetu Kidawa alipofariki, na mwili huu haunipi tena nafasi ya kuchelewa.

Jana binti yangu Asha aliacha kununua nguo zake za biashara, akanipandisha kilimani nje ya Guangzhou nipate hewa. Bibi mmoja Mchina alikuwa akichuma matunda ya mwituni, meusi kama zambarau, yenye kijitaji kitakoni kama cha pera. Nimefundisha elimu ya mimea maisha yangu yote, niliyatambua, yanalika. Hata hivyo aliponinyooshea kiganja, nilirudi nyuma.

"Kula, baba! Laoban huyu hauzi, anagawa," Asha akacheka. Kwake kila Mchina ni laoban, yaani bosi.

Bibi akaiona hofu yangu. Akatia moja kinywani mwake, akatafuna, akameza, ndipo akanipa. Alinitolea sumu, dada, kama marehemu mama alivyoonja kwanza chakula cha kila mgeni! Nikala. Yalikuwa matamu, nami nikalia.

Mama alikulaumu mpaka anaingia kaburini, kwamba hukumwangalia Kidawa hata akala matunda ya sumu. Nami nikanyamaza. Naogopa kufa hivi, na naogopa zaidi utakapoisoma kadi hii. Mungu akupe afya, dada yangu, na moyo wa kunisamehe.

Matunda yale niliyachuma mimi. Niliyatamani lakini sikuyajua, nikampa Kidawa aonje kwanza.