Kiti cha Pembeni Yangu

Kaka yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu nyingi, na Shemeji anayekusomea barua hii azipokee pia kabla hajaanza kuulaani mwandiko wangu. Mimi ni mzima, ila sauti imekauka kwa kupiga kelele kazini. Mgongo wako unaendeleaje? Na ule ugomvi wenu wa chumvi, nani anaongoza?

Filamu niliyokuwa naiongoza imekwisha, Kaka, na moyo wangu umejaa shukrani. Kwanza kwa mzee aliyeigiza baba. Katika hadithi, mwana ambaye baba huyo alimfukuza zamani anarudi na kubisha mlango. Mzee alilia mpaka shati likalowa, nami sikuamini hata chozi moja. Nikamwomba aache kulia, afunge tu vifungo vya shati vizuri kabla ya kufungua, na avikosee. Akacheka, akasema maisha yake yote amelipwa kulia, leo analipwa kuvaa! Lakini alivifunga, na mpambaji wetu wa nyuso akatoka nje akilia kwa kwikwi.

Mwenye fedha alitaka tuweke muziki wa huzuni hapo. Alisema watazamaji wasipoambiwa walie saa ngapi, watabaki wameduwaa. Nikakataa, naye akasema lawama zote ni juu yangu. Basi siku ya uzinduzi nilikaa nyuma kabisa. Mzee akakosea kifungo. Mara mama mmoja mbele yangu akashindwa kuvumilia, akampigia kelele aachane na shati, afungue mlango, mtoto anaondoka! Watu wakacheka, kisha nikasikia wanavuta kamasi. Mungu ambariki mama yule. Watazamaji si wajinga, Kaka.

Sasa nikuambie siri. Wenzangu kazini wanaamini mimi ni mtu wa sala. Kabla ya kila tukio huenda pembeni, nikafumba macho na kuchezesha midomo. Fundi wa taa huvua kofia, na mpiga picha huitikia amina. Masikini, hiyo si sala. Ninakuhadithia wewe. Nakunong'oneza tukio zima kama tulivyokuwa tukifanya utotoni katika viti vya nyuma vya sinema, ukinifinya na kuniambia nisikwambie mtu ana huzuni, nikwambie mikono yake inafanya nini. Nikishindwa kukuhadithia, tukio hilo nalitupa. Chuoni walinifundisha kamera. Kazi hii umenifundisha wewe, nami sijawahi kukuambia ahsante. Ahsante sana, Kaka.

Najua tangu mlinzi alipotutoa nje kwa kelele zangu uliapa kwamba sinema ni ya wenye macho, na filamu zangu zote hujazikaribia. Lakini siku ile niliacha kiti cha pembeni yangu wazi. Kifungo kilipokosewa, nikajikuta nimekiinamia kiti kile, nanong'ona. Yule mama akageuka kunikemea. Nikalia kama mtoto.

Jumamosi mchana filamu inaonyeshwa tena. Njoo, nakuomba. Safari hii mlinzi akitaka kututoa, itabidi amtoe mwenye filamu. Shemeji, ukiuruka mstari huu nitajua tu.

Wabusu watoto wote. Nawapenda.

Ni mimi mdogo wako, yule uliyemwita Redio. Betri bado zina moto.